Bakuli Juu ya Spika

Jumapili, 3 Agosti 2025

Sijui nianzie wapi.

Leo hatukuwa na misa. Padri yuko vigango vya mbali, kwa hiyo ibada ya Neno imeongozwa na katekista wetu, Mzee Mabula. Mimi kama kawaida ni mambo ya sakristia – vitambaa, mishumaa, maji ya baraka. Na nilichelewa! Nilikuwa natembea na mdogo wangu Pantaleo, na Pantaleo kile kilima anakipanda kwa kupumzika. Hatua ishirini, anasimama. Hatua ishirini, anasimama. Siwezi kumwacha njiani.

Nafika, meza ndogo ya maji ya baraka haipo. Akina mama wameichukua kuwekea maboga ya matoleo. Dumu la maji ya baraka sijalifungua. Kwenye bakuli yamebaki maji ya wiki iliyopita, kina cha kidole kimoja tu. Kwaya imeshaanza kuingia. Nikaangaza pa kuliweka, nikaona spika kubwa ya besi, ile iliyo karibu na benchi la mbele, juu iko bapa kama meza. Nikaliweka hapo. Nitalitoa sasa hivi, nikajisemea. Nikasahau.

Ikafika wimbo wa matoleo. Mwishoni Bujiku, mpiga kinanda wetu, huwa anashikilia ile sauti nene ya chini, ndefu, mpaka kifua cha mtu kinanguruma. Leo aliishikilia kuliko siku zote. Nikasikia kitu kinaimba ambacho si kwaya. Mmmmmm. Bakuli! Maji yanatetemeka, yanajikunja, halafu – sijui niandikeje – yakainuka. Si kumwagika. Yakainuka membamba kama manyunyu ya asubuhi, jua la dirishani likapita katikati yake, nikaona rangi. Bila mtu kuyashika!

Manyunyu yakamwangukia Pantaleo, ndiye aliyekuwa mwisho wa benchi. Akapangusa uso. Akavuta pumzi – mimi dada yake namjua, hajavuta pumzi ya namna ile tangu Aprili – akalia. Mama Justa, mwenyekiti wa akina mama, akapiga kigelegele. Basi! Kanisa zima likasimama.

Baada ya ibada wanaulizana, nani aliweka bakuli pale? Mzee Mabula anasema si yeye. Mama Justa anasema labda hakuliweka mtu.

Mimi nilikuwa nimesimama na maboga mkononi. Sikusema kitu. Kwa nini sikusema? Ee Mungu, sijui.


Jumatatu, 4 Agosti 2025

Asubuhi nimempa Pantaleo vidonge vyake na kikombe cha maji, nikaweka tiki kwenye kadi, nikakimbilia sokoni kwenye mchele wangu. Kadi naiweka humu humu katikati ya daftari ili isipotee. Yuko mwezi wa tatu wa dozi ya miezi sita. Alichimba dhahabu miaka kumi na minne, Runzewe na kwingineko, akaniletea mwili wa mifupa mitupu. Zahanati wakasema kifua kikuu, lakini kinapona, mradi asiruke siku. Na mimi ndiye msimamizi wake, nimetia sahihi.

Sokoni hakuna biashara, ni maswali tu. Jirani yangu Mwanaima wa maandazi, yeye ni Mwislamu, ananichokoza tangu nifungue gunia:

– Mama Nelly, nasikia kanisani kwenu mvua inanyesha ndani!

– Acha wewe.

– Aa, mimi nauliza tu. Huku nje vumbi linatumaliza, mtuombee na sisi.

Nikacheka. Halafu karasha la mtaa wa nyuma likawashwa kusaga mawe ya dhahabu, meza yote ikaanza kutetemeka kama kila siku. Nikatazama chai yangu. Ilikuwa inafanya miduara. Midogo midogo, inakimbia kutoka ukingoni kwenda katikati. Miaka yote nakunywa chai hapa, sijawahi kuitazama.

Nikaitazama mpaka ikapoa.


Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimechukua suruali ya Pantaleo nifue. Mfukoni vidonge. Vya Jumatatu, vya jana, vya leo. Vimeshaanza kulainika kwa jasho.

Nilikaa chini palepale karibu na beseni.

Yeye wala hakukana. Tena alinijibu kwa upole, ndiyo kinachoniuma.

– Dada, nisamehe, nilitaka kukwambia. Nimepona. Jumapili nimepona, wewe mwenyewe uliona.

– Niliona maji, Pantaleo.

– Na pumzi yangu je? Hukuiona?

Niliiona. Nitasemaje sikuiona?

Anasema vile vidonge vinamchafua tumbo, mkojo unatoka rangi ya chungwa, usingizi unakuwa wa ndoto mbaya. Miezi miwili amevumilia kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Sasa njia ameiona. Kuendelea kumeza, anasema, ni kumwambia Mungu sikuamini.

Na mimi nimeweka tiki tatu! Tatu za uongo kwa mkono wangu. Kwa sababu nawahi soko, nikimpa kikombe naona kama tayari amemeza.

Nimesali rozari, sikuifikisha mwisho. Mawazo yanazunguka. Nikisema yale maji ni spika, nitakuwa nimemnyang'anya Mungu kitu chake mbele ya watu. Nikisema ni Mungu, namzika mdogo wangu. Na kama ni vyote viwili? Kuna vyote viwili?


Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Soko limelala, watu wako kwenye maonesho. Nikachukua bakuli nikalifunga kwenye khanga, nikaenda kwa Bujiku. Ana kibanda cha kutengeneza redio na simu, Kalangalala hapa hapa mtaani kwetu, nyuma ya mashine ya kukoboa. Ni mtu mzima mwenzangu, ana wajukuu, lakini anavyoongea na spika utadhani ni ng'ombe zake. Akanisalimia kwa Kisukuma.

– Mama Nelly, wangaluka. Nilijua utakuja. Nilidhani ungekuja Jumatatu.

– Ulijua nini?

– Nilikuona ukiliweka.

Aibu! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, na wewe mbona hukusema?

Halafu akaanza kunionesha. Nitaandika kama nilivyoona, maana kesho nitasema niliota.

Alichukua spika ndogo isiyo na kasha, akailaza chali, akatandika nailoni juu yake. Akadondosha tone moja la maji kwa mrija wa soda. Likakaa mviringo, zuri, kama shanga. Akaunganisha kinanda, akabonyeza noti moja, taratibu.

Kwanza tone likafanya miduara, kama chai yangu. Akaongeza sauti. Miduara ikakatika, tone likawa na pembe, kama nyota, pembe zinaingia na kutoka, zinaingia na kutoka. Akaongeza. Likawa kama linachemka, limeota vidole vidogo vidogo vinarukaruka. Akaongeza tena – paa! Halipo. Nailoni kavu. Mkono wangu niliokuwa nimeuweka juu umelowa, lakini sioni tone, ni ubichi tu kama pumzi ya mtu kwenye kioo.

– Limekwenda wapi?

– Hilo hapo mkononi kwako. Limekuwa vipande elfu.

– Ni mvuke?

– Mvuke unataka moto. Gusa, ni baridi.

Kweli ni baridi.

Akasema tone lina kama ngozi, ndiyo maana linajikusanya mviringo badala ya kutandazika. Spika inapanda na kushuka mara nyingi sana kwa sekunde moja, jicho halioni. Ukilitikisa kidogo, ngozi inavumilia, inajikunja tu. Ukizidisha inaota vidole. Ukizidisha zaidi kidole kinakwenda juu kwa kasi, ncha yake inakatika kabla haijarudi. Hizo ncha ndizo manyunyu. Basi, anasema, hakuna kingine.

Nikamtolea bakuli. Akaligonga kwa penseli. Mmmm. Akatafuta kwenye kinanda, hii siyo, hii siyo, akafika kwenye noti ile ya chini – bakuli likaimba lenyewe mezani bila kuguswa! Anasema kila bakuli lina sauti yake, ukiipata hiyo, linatetemeka lote kwa furaha (alisema hivyo, kwa furaha), na maji yaliyomo hayana pa kukimbilia. Bahati yetu, wimbo wa matoleo unaishia kwenye noti hiyo hiyo.

Akalijaza maji hadi juu akapiga tena. Bakuli kimya. Akaligonga kwa penseli, sauti imekuwa nene zaidi.

– Unaona? Likijaa linakuwa zito, sauti yake inashuka, noti yangu hailikuti. Jumapili ulikuwa umeweka maji kidogo.

– Nilisahau kuongeza.

– Basi. Ungekumbuka, kusingekuwa na kitu.

Nikamuuliza, na Mungu je? Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu.

– Mama Nelly, mimi natengeneza redio.


Jumapili, 10 Agosti 2025

Kanisa limejaa mpaka nje. Kuna akina mama wawili wametoka Nyasubi, Kahama, kwa basi la alfajiri, wamekuja na chupa. Sijawahi kuona.

Meza imerudi. Nikaweka bakuli mezani, mahali pake pa siku zote, nimelijaza vizuri. Mama Justa ananitazama kama nimemtukana mzazi wake.

– Mama Nelly, lipeleke pale.

– Mahali pake ni hapa, mayu, mama.

– Wewe unamfungia Mungu mlango?

Mzee Mabula akakohoa, akasema tuanze ibada, muda. Yeye naye nahisi amechanganyikiwa kama mimi, ila yeye ana kitabu cha kushika.

Wimbo wa matoleo. Ile noti. Watu wote shingo ndefu. Maji yametulia tuli kama kioo. Pantaleo alikuwa amekaa palepale karibu na spika, amefumba macho, ameinua uso kidogo. Anasubiri. Noti ikaisha, akaendelea kusubiri. Nilishindwa kumtazama, nikainama kama napanga mishumaa.

Jioni anakohoa. Si sana. Nikampelekea vidonge. Akasema dada, leo kulikuwa na mtu asiyeamini mle ndani, ndiyo maana.

Huyo mtu alikuwa anamshikia kikombe.


Jumanne, 12 Agosti 2025

Nimekwenda zahanati peke yangu. Nesi Loveness ni mdogo kuliko Nelly wangu, lakini nilipotoa kadi nilijisikia niko darasa la saba mbele ya mwalimu mkuu. Nikamwonesha zile tiki tatu. Nikasema hizi si za kweli, na baada ya hapo hakuna kabisa.

Hakunigombeza. Ni afadhali angenigombeza.

– Mama, amekosa siku ngapi?

– Leo ya tisa.

– Anajisikia mzima, sivyo? Hapo ndipo wengi wanapoacha. Ugonjwa umelala, haujafa. Ukiamka umeshaizoea dawa, na dawa ya pili yake ni ndefu na kali kuliko hii.

Akasema bado hajachelewa, aanzie tu pale alipoishia. Ila wiki mbili zisifike. Zikifika mambo mengine yanaanza: vipimo upya, maswali upya. Akasema nimlete, azungumze naye mwenyewe. Na akaongeza, tiki ni baada ya kumeza, mama. Baada. Nikasema ndiyo nesi.

Pantaleo amekataa kwenda. Mtu mzima amelala uwani kwenye jamvi, anapiga mluzi wa nyimbo za kanisa. Ukimwona unasema kweli mzima. Lakini shuka yake asubuhi nimeianika, imelowa jasho shingoni na kifuani, kama ya Mei.

Nimehesabu. Jumapili hii ndiyo siku ya kumi na nne.


Alhamisi, 14 Agosti 2025

Leo nimemwambia. Nimemwonesha kabisa! Na nimeharibu zaidi.

Mchana kanisani hakuna mtu. Tulikuwa watatu, mimi, Bujiku na Pantaleo. Nilikuja na maji ya bomba kwenye kopo la rangi, nikahakikisha ameniona nikiyateka uwani kwangu. Hayajabarikiwa, hayajaombewa, maji ya kuoshea vyombo. Nikaweka bakuli juu ya spika, nikamimina kina cha kidole. Kabla Bujiku hajapiga nikasema yote. Kwamba ni mimi niliyeliweka siku ile. Kwamba nilichelewa. Kwamba meza haikuwepo. Kwamba sikuongeza maji, nilisahau. Nililia kidogo. Nikasema, Pantaleo, piga goti ukitaka, lakini tazama.

Bujiku akabonyeza.

Bakuli likaimba. Maji yakajikunja, yakaota vidole, yakainuka. Palepale, kama siku ile, ingawa jua lilikuwa dirisha la upande mwingine. Maji ya kuoshea vyombo.

Pantaleo aliinama kuyatazama. Nikajisemea Bwana asifiwe, ameelewa.

Akasogea, akaweka uso ndani ya yale manyunyu. Akakaa hapo mpaka Bujiku akatoa kidole. Alipogeuka macho yamejaa.

– Kumbe hata maji ya bomba, alisema.

– Ndiyo mdogo wangu. Ni mtetemo tu.

– Hata maji ya bomba anayatumia! Mimi nilidhani mpaka yabarikiwe.

Bujiku akaanza kumweleza ngozi ya tone, vidole, ncha kukatika. Pantaleo anaitikia kwa kichwa, anasikiliza vizuri sana, hata aliuliza swali. Kisha akanigeukia mimi.

– Dada, nani alinisimamisha njiani siku ile mpaka ukachelewa? Nani aliwatuma akina mama wachukue meza? Wewe miaka sita unajaza bakuli lile, nani alikusahaulisha? Na Bujiku, nani alikwambia ushikilie noti kuliko siku zote?

Bujiku akazima kinanda.

– Nilikuwa namsubiri mwenye kapu la matoleo, akasema. Alikuwa amejikwaa.

– Haya. Nani alimkwaza?

Tulirudi nyumbani. Kilimani, kushuka tu, alisimama mara tatu.

Na mimi sasa sijui kitu. Ukiniuliza kwa kiapo siwezi kukujibu swali lake. Mimi mwenyewe kila siku nasema Mungu ndiye aliyenikutanisha na fulani, Mungu ndiye aliyenichelewesha lile basi lililopinduka. Nasema na naamini. Kwa nini la Pantaleo lisiwe hivyo? Ila angemponya kisha amrudishie jasho la shingoni? Najichanganya. Naacha.


Ijumaa, 15 Agosti 2025

Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria. Padri amefika, mavumbi mpaka kwenye kope, na ana vigango vingine viwili leo. Nikawahi kuungama. Nikasema nimeficha kwamba ni mimi niliyeliweka bakuli, na nimeweka tiki za uongo kwenye kadi ya mgonjwa.

Akasema malipizi yangu ni kumwambia mdogo wangu ukweli.

– Nimeshamwambia, Padri. Ndiyo shida.

Nikamweleza. Alicheka. Halafu akaacha kucheka. Nikamsikia anakuna ndevu nyuma ya kitambaa cha maungamo.

Akasema atazungumza na Pantaleo kwa utulivu, lakini si kwa dakika tano na pikipiki imewashwa. Atarudi tarehe 31. Nikasema Padri, tarehe 31 ni mbali. Akasema anajua, mama. Akasema mpaka hapo atumie dawa zake, Mungu hachukii dawa. Nikasema hayo nayo nimemwambia.

Kwenye mahubiri alisema tusikimbilie ishara. Mama Justa aliitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Nadhani alielewa vingine.

Wimbo wa matoleo wa leo ulikuwa mwingine. Sijui ni Bujiku aliyebadili au ni kwa sababu ya sikukuu. Sikumuuliza.


Jumamosi, 16 Agosti 2025

Usiku wote anakohoa. Asubuhi hakumaliza uji. Mwanaima alileta maandazi ya moto, akakaa naye uwani, akamwambia:

– Wewe Pantaleo, dada yako anakonda kuliko wewe. Meza basi hivyo vidude.

– Wewe Mwanaima hujui.

– Sijui kweli. Mimi najua nikiumwa naomba dua halafu nakunywa dawa, kwa mpangilio huo huo. Sijawahi kuulizwa na Mwenyezi Mungu kwa nini nimechanganya.

Pantaleo alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja mpaka magoti. Alipoinuka aliona nilivyomtazama. Ndiyo mara ya kwanza tangu Jumapili ile kumwona na woga. Woga kweli, kama mtoto.

Mwanaima alipoondoka akaniita.

– Dada, nitameza.

Nikaruka!

– Ngoja. Nitameza, lakini kesho, kanisani. Viweke kwenye kisahani juu ya ile spika, kando ya bakuli. Manyunyu yakiviangukia, nameza palepale mbele ya watu, na nitameza kila siku mpaka dozi iishe. Nakuapia. Yasipoinuka, basi usiniletee tena.

Nikamwambia huko ni kumjaribu Mungu. Akasema hapana, ni kuomba ruhusa.

Nikasema, lakini Pantaleo, unajua ni noti! Umeiona! Bujiku akibonyeza yatainuka tu!

– Basi unaogopa nini? alisema.

Naogopa nini? Akimeza, amemeza – dawa haiulizi mtu aliimezaje. Lakini nitakuwa nimemtengenezea Mungu neno la kusema, nikamwekea na kitufe. Kila siku atakayomeza atakuwa anamshukuru Mungu kwa kitu nilichopanga mimi na fundi redio. Hata hivyo yeye anajua ni fundi redio! Nani sasa anamdanganya nani?

Jioni nimempelekea habari Bujiku. Akatikisa kichwa. Akasema yeye kazi yake ni kupiga wimbo wa matoleo, na wimbo unaishia kwenye noti ile, hawezi kuubadilisha wala hawezi kuahidi. Atapiga kama ulivyoandikwa. Mengine ni yangu.


Jumapili, 17 Agosti 2025

Naandika nikiwa sakristia, pazia limefungwa nusu. Nimetoa daftari ili nitoe kadi, na mkono umeanza kuandika wenyewe. Mzee Mabula anahubiri, yuko mbali bado, ameanza na Abrahamu.

Siku ya kumi na nne.

Nilikuja mapema. Niliweka bakuli juu ya spika kwa mkono wangu, mchana kweupe, watu wananiona. Maji ya baraka, kina cha kidole kimoja, nimepima kwa kidole. Kisahani na vidonge kando. Pantaleo kwenye mwisho wa benchi, shati jeupe, chupa ya maji ya kumezea kati ya miguu. Aliniangalia akatabasamu. Leo amepumzika kila hatua kumi.

Nilirudi huku kuwasha mishumaa. Dakika chache tu! Nachungulia – Mama Justa anatoka pale kwenye spika na dumu. Amelijaza bakuli. Mpaka ukingoni, linataka kumwagika. Amefurahi, amenipungia mkono. Anaona nimelirudisha, basi naye anasaidia.

Likijaa halitaimba. Bujiku alisema. Niliona mwenyewe.

Kwa hiyo nikikaa hapa hapa, nisifanye kitu, maji yatatulia kama kioo na Pantaleo hatameza, leo wala kesho. Nani alimtuma Mama Justa na dumu? Hilo ni swali la Pantaleo, si langu, lakini limeniingia. Je, kama ndilo jibu lenyewe? Nikiinuka, natembea kutoka hapa hadi pale mbele ya kanisa zima, mbele yake, nachota maji ya baraka kwa kata na kuyapunguza. Ataona. Kila mtu ataona nani anayainua maji.

Abrahamu ameisha. Mzee Mabula yuko kwa Musa.

Nimejaribu kusali, linalokuja ni moja tu, ile shuka kwenye kamba.

Sasa wanasimama, kwaya inasimama. Mtu wa kapu anapita. Bujiku amekaa kwenye kinanda, haangalii kitabu, anaangalia pazia langu. Pantaleo amefumba macho, ameinua uso.

Kadi iko hapa. Tiki ni baada, alisema nesi. Baada. Kalamu naiweka chini.

Kata iko mkono wa kushoto, nainuka.